ABU HAYYAN AL-ANDALUSI: MWANACHUONI ALIYEZISOMA LUGHA ZA WATU



 Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, mwezi wa Qur'ani. Katika ukurasa wetu wa maisha ya wanavyuoni, safari hii twakuletea mtu ambaye kwa watu wa elimu jina lake ni kubwa mno, ingawa vijana wengi hatumjui. Naye ni Imam Abu Hayyan al-Andalusi, mwenye tafsiri ya Qur'ani iitwayo Al-Bahr al-Muhit, yaani Bahari Izungukayo.

Kabla hatujaanza, hebu wewe uliyeko Chara, au Ngao, au Garsen, au Kipini, hesabu lugha unazozitumia kwa siku moja tu. Alfajiri wakati wa daku mamako akuamsha kwa Kipokomo. Ukienda skuli ni Kiswahili na Kiingereza. Ukikutana na wachungaji wanaoteremsha ng'ombe malkani, wasikia Kiorma. Usiku kwenye tarawehe imamu asoma Kiarabu. Lugha tano, na wala jua halijazunguka mara mbili!

Sasa jiulize: lugha hizi zimejengwaje? Ipi ni ndugu wa ipi? Wengi wetu twajibu upesi kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kiarabu, na kwamba Kipokomo na Kiorma ni lugha za nyumbani tu, hazina nahau ya kusomwa. Majibu yote mawili si sawa. Na mtu ambaye njia yake ya kusoma ingetusaidia kujibu vizuri alifariki zaidi ya miaka 670 iliyopita. Twende pamoja.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake kamili ni Athiruddin Muhammad bin Yusuf bin Ali bin Yusuf bin Hayyan, al-Gharnati. Alizaliwa Gharnata (Granada), katika nchi ambayo leo ni Hispania, mwezi wa Shawwal mwaka 654 Hijria, sawa na mwaka 1256. Ukoo wake ulikuwa wa kabila la Nafza, ambalo ni la Waberberi. Lishike hilo, tutalirudia.

Nyakati zile Andalusia ilikuwa yapungua kila uchao. Mji wa Qurtuba (Cordoba) ulikuwa umeshachukuliwa na wafalme wa Kikristo mwaka 1236, na Ishbilia (Sevilla) mwaka 1248. Gharnata ulibakia kuwa mji wa Waislamu ambao vitabu na wanavyuoni waliosalia walikimbilia. Hapo ndipo kijana Abu Hayyan alipoisoma Qur'ani kwa visomo vyake mbalimbali, akasoma hadithi, na akaizamia nahau ya Kiarabu, elimu ya jinsi maneno yanavyobadilika na kupangwa katika jumla.

ULIMI ULIOMTOA NYUMBANI

Alikuwa na akili kali, na ulimi wake pia ulikuwa mkali. Wanahistoria wametaja kwamba alizozana na mmoja wa walimu wake, Abu Jaafar ibn al-Tabba', mpaka akaandika kumpinga. Mwalimu akapeleka mashtaka kwa mtawala. Kijana akaona mambo yameharibika, akajificha, kisha akapanda chombo akaondoka. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 1280, umri wake miaka ishirini na kitu. Hakurudi tena Gharnata maisha yake yote.

Tusimsafishe kwa kuwa ni imamu. Ulimi uliomfanya bingwa wa lugha ndio huohuo uliomtia mashakani. Lakini mwangalie alichokifanya baadaye. Alipita miji ya Afrika ya Kaskazini, akaingia Misri, akaenda Hija, na kila alipofika aliwatafuta wanavyuoni akakaa chini kusoma. Mwisho alitia nanga Cairo. Huko akawa mwanafunzi wa Bahauddin Ibn al-Nahhas, bingwa wa nahau wa Misri wakati huo, na Ibn al-Nahhas alipofariki mwaka 698 Hijria, yeye ndiye aliyekaa mahali pake kufundisha.

Mwanafunzi wake as-Safadi ametuachia picha yake. Amesimulia kwamba kila alipomuona alimkuta ama asikiliza, ama aandika, ama asoma. Ametaja pia kwamba matamshi ya Kiandalusi hayakumtoka hata uzeeni. Qafu yake ilikuwa karibu na kafu anapozungumza na watu, lakini akifika kwenye Qur'ani aitamka sawasawa kama inavyotakikana. Na alikuwa bahili wa pesa, naye hakulificha hilo! Alimlaumu anayenunua vitabu, kwa hoja kwamba kitabu chochote akitakacho ataazima kwenye maktaba za waqfu, lakini akitaka kuazima dirhamu hapati wa kumpa. Pamoja na hayo, walimjua kuwa mtu wa machozi mepesi, akisikia Qur'ani hulia.

MGENI ALIYESIKILIZA

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tumchague yeye Ramadhani hii.

Misri wakati ule ilitawaliwa na Mamluki, na wengi wa masultani na askari wao walikuwa Waturuki. Ngomeni kukizungumzwa Kituruki, misikitini na sokoni Kiarabu. Wanavyuoni wengi wa Kiarabu hawakuona haja ya kuijua ile lugha ya wanajeshi. Wenye nahau walikuwa na vitabu mlima mzima juu ya Kiarabu, tangu kile cha Sibawayhi, yule Mfursi aliyeishi karne ya pili Hijria. Kituruki cha nini?

Abu Hayyan hakufikiri hivyo. Alikaa na wenye lugha, akasikiliza, akaandika. Mwaka 712 Hijria (1312 au 1313) alikamilisha Kitab al-Idrak li-Lisan al-Atrak, kitabu cha kuifahamu lugha ya Waturuki. Hiki ni miongoni mwa vitabu vya kale kabisa vya sarufi ya Kituruki vilivyotufikia, na kilichapishwa Istanbul mwaka 1891 na tena mwaka 1931. Wataalamu wa lugha za Kituruki wakihitaji mpaka leo.

Na hakuishia hapo. Aliandika juu ya Kifursi kitabu alichokiita Mantiq al-Khurs fi Lisan al-Furs, na akaandika pia juu ya lugha ya Habasha, yaani majirani zetu wa Ethiopia. Vitabu hivyo viwili havikutufikia, vimepotea. Lakini ndani ya tafsiri yake ya Qur'ani alikitaja kile cha Kihabeshi, na akaeleza alichokigundua: kwamba Kiarabu na Kihabeshi mara nyingi hukubaliana katika maneno na hata katika kanuni za nahau, kama herufi zinazotangulia kitenzi, ile ta ya kike, na hamza inayokifanya kitendo kimfikie mwingine.

Fikiri, ndugu yangu. Karne nyingi kabla vyuo vikuu vya Ulaya havijaanza kuzipanga lugha kwa ukoo, mwanachuoni wa tafsiri Cairo ameshaona kwamba lugha ya Qur'ani na lugha ya Wahabeshi ni za nyumba moja.

ALITUMIA KIPIMO GANI?

Mwanzoni mwa Kitab al-Idrak aliweka kanuni fupi. Alieleza kwamba lugha yoyote ile hupatikana kwa kujua mambo matatu. La kwanza, maana ya neno moja moja. La pili, neno linavyogeuka umbo kabla halijaungana na mengine. La tatu, hukumu za maneno yanapopangwa pamoja. Angalia vizuri: hakulisema hilo kwa Kiarabu peke yake, alilisema kwa lugha yoyote. Na kwa mwendo wake wote wa elimu alikuwa akiwapinga wenye nahau waliobuni sababu za kuchosha, kwa nini hili limekuwa hivi na lile vile. Kwake yeye kazi ya kwanza ni kusikia watu wasemavyo na kukinukuu kwa uaminifu.

Hebu tuchukue kipimo chake tukilete hapa kwetu mtoni.

Anza na Kiswahili. Tuna maneno mengi ya Kiarabu: kitabu, habari, dini, safari. Ndiyo maana watu hudhani ni ndugu. Lakini mfuate Abu Hayyan, usitazame neno peke yake, tazama linavyogeuka. Waarabu husema kitab, na wingi wake ni kutub, wamelivunja neno ndani. Sisi tukalipokea, tukaliona lina ki mwanzoni, basi wingi tukasema vitabu, kama vile kisu na visu. Neno ni la mgeni lakini limevaa kikoi chetu. Kisha kila kitu kikalifuata: kitabu changu kimoja kimepotea, vitabu vyangu viwili vimepotea. Kiarabu hakina mpango huo. Kipokomo kinao. Jaribu mwenyewe jumla hiyo kwa Kipokomo cha nyumbani kwenu, usikize neno la mwanzo linavyoyavuta mengine yote. Hizo ndizo nguzo za nyumba za lugha za Kibantu, kuanzia hapa mpaka Afrika ya Kusini. Maneno ni kama vyombo vya ndani, waweza kuazima sufuria kwa jirani. Nguzo haziazimwi hivi hivi.

Sasa njoo kwa Kiorma. Hapa kitenzi hukaa mwisho. Sisi twasema anakunywa maji, wao hupanga maji kwanza, kisha kunywa. Na mambo mengi huongezwa mkiani mwa neno, si kichwani kama kwetu. Kwa mpango huo Kiorma chafanana na kile Kituruki alichokiandikia Abu Hayyan. Kwa Kituruki cha leo nyumba ni ev, nyumba nyingi ni evler, na ukisema evlerimde umesema ndani ya nyumba zangu, yote mkiani! Lakini kufanana huku si udugu. Watu wawili waweza kujenga nyumba za mtindo mmoja bila ya kuwa wa ukoo mmoja.

Udugu wa Kiorma uko kwingine, na hapa ndipo utakapostaajabu. Kiorma ni katika jamii ya Kioromo. Kwa Kioromo, akija mwanamume husemwa dhufe, akija mwanamke husemwa dhufte. Umeiona hiyo t? Kwa Kiarabu akiandika mwanamume ni kataba, akiandika mwanamke ni katabat. Ni ile ta ya kike ambayo Abu Hayyan aliiona kwa Wahabeshi! Wanaisimu wa leo huviweka Kiarabu, Kihabeshi cha kale na Kioromo katika ukoo mmoja mkubwa uitwao Afroasia.

Basi angalia mambo ya Mwenyezi Mungu. Yule mchungaji anayeteremka malkani na fimbo yake, ambaye pengine wamuona hana alichokisoma, lugha ya mamake ni jamaa wa mbali wa lugha ya Qur'ani. Na Kiswahili chetu tunachojivunia kwa maneno ya Kiarabu, kwa nguzo zake ni ndugu wa damu wa Kipokomo. Katika Suratur-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu amezitaja tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake kwa wenye kujua. Wenye kujua! Ishara haisomeki na anayepita bila kutazama.

BAHARI IZUNGUKAYO

Mwishoni mwa mwaka 710 Hijria (1311) Abu Hayyan aliwekwa kufundisha tafsiri katika kuba ya Sultan al-Mansur, Cairo. Ndio kwanza aingia mwaka wa 57 wa umri wake, na hapo ndipo alipoanza kuandika Al-Bahr al-Muhit. Katika utangulizi wake aliorodhesha elimu anazozihitaji mfasiri, na zilizotangulia ni kujua maneno ya lugha na kujua nahau. Kila aya huanza kwa kulipima neno, kisha mpangilio, kisha visomo, ndipo aingie kwenye maana na hukumu.

Mapenzi yake kwa Sibawayhi yalimgombanisha na Sheikh Ibn Taymiyya. Mwanzo walipendana, na Abu Hayyan alimtungia shairi la kumsifu. Siku moja likazuka suala la nahau, Abu Hayyan akatoa hoja ya Sibawayhi, Ibn Taymiyya akajibu kwamba Sibawayhi naye amekosea mahali pengi. Urafiki ukavunjika hapo hapo. Wote wawili Mwenyezi Mungu awarehemu. Wakubwa nao ni binadamu.

BINTI YAKE NUDAR

Huwezi kuyasoma maisha yake ukamuacha binti yake Nudar. Alisoma hadithi, alihifadhi kitabu cha nahau, alipewa ijaza na wanavyuoni, na babake alikuwa akitamani ndugu yake wa kiume, Hayyan, angekuwa kama yeye. Haya yalikuwa Cairo karne ya nane Hijria, na kuna wazazi mpaka leo waona elimu ya dini ikivuka juzuu amma si ya msichana!

Nudar alifariki mwaka 730 Hijria (1330), bado kijana. Babake alihuzunika huzuni kubwa. Aliomba ruhusa kwa watawala amzike ndani ya nyumba yake, akaruhusiwa, na akaandika kitabu kizima kwa ajili yake. Yule mzee aliyejua kuihukumu kila irabu, mbele ya mauti ya mwanawe alikuwa mzazi kama wazazi wengine.

KUFARIKI KWAKE NA ALIYOTUACHIA

Imam Abu Hayyan alifariki Cairo mwezi wa Safar mwaka 745 Hijria, Julai 1344, akiwa na miaka 90 kwa hesabu ya Hijria. Damascus nako aliswaliwa swala ya ghaibu.

Sasa sikiliza jinsi alivyoingia madrasani mwetu. Mwanafunzi wa chuo hapa pwani akianza nahau, hupewa Ajurrumiyya. Mtungaji wake, Ibn Ajurrum wa Fez, naye alikuwa Mberberi, na wanahistoria wametaja kwamba alipokwenda Hija alipitia Cairo akasoma kwa Abu Hayyan. Akipanda juu, mwanafunzi hufika kwenye Alfiyya ya Ibn Malik na sherehe yake ya Ibn Aqil. Huyo Ibn Aqil alikuwa mwanafunzi wa Abu Hayyan. Kwa hivyo kijana wa Tana anayeinama juu ya kitabu chake baada ya alasiri akingoja futari, amekaa mwisho wa mkeka ambao Abu Hayyan alikaa mwanzo wake.

Na sasa rudi kwenye lile nililokuomba ulishike. Sibawayhi Mfursi. Abu Hayyan Mberberi. Ibn Ajurrum Mberberi. Nguzo za nahau ya Kiarabu zilishikwa na watu ambao wazee wao hawakuwa Waarabu. Kuipenda lugha ya Qur'ani hakukuhitaji mtu aione haya lugha ya bibi yake.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, elimu ya lugha ni ibada ikiwa nia ni safi. Ramadhani hii usitosheke kuhesabu juzuu. Chukua japo sura moja fupi, umuulize maalim wako kila neno limekaa wapi na kwa nini lina irabu hiyo.

Pili, usidharau lugha yako. Sarufi ya Kipokomo iliandikwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa Kijerumani, na mmisionari Ferdinand Würtz wa misheni ya Ngao. Alivuka bahari akaja akasikiliza. Sisi tuliozaliwa nayo tumeandika nini? Wewe una daftari, una simu ya kurekodi, una babu na nyanya bado wako hai. Abu Hayyan alikuwa na kalamu na wino tu. Na ujue kwamba karatasi hupotea, kama vilivyopotea vitabu vyake viwili. Basi andika, na nakala uweke zaidi ya moja.

Tatu, jifunze lugha ya jirani yako. Wewe wa Tana Delta huna haja ya kukumbushwa yaliyotupata kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 walipouawa, Wapokomo na Waorma, na wengine walizikwa na watu waliokuwa wakiswali nao safu moja. Ugomvi ule ulikuwa wa ardhi, maji na malisho, na siasa ikachochea. Nahau haizuii risasi, hilo twalijua. Lakini ni vigumu kumhukumu kwa uvumi mtu ambaye waelewa anachosema. Abu Hayyan alikuwa mgeni, na lugha ya wenye silaha hakuikimbia, aliisoma.

Nne, wasomeshe mabinti.

Twamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu Imam Abu Hayyan na binti yake Nudar, awarehemu walimu wetu wa vyuoni, atukubalie funga zetu na visimamo vyetu, na atie mapenzi baina ya watu wa mto huu, wa shamba na wa ng'ombe. Amin.

Wabillahi tawfiq.